Damu ya Ndugu na Maji ya Ubatizo

Soma Mwanzo 4:8–10 na Luka 10:25–37.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne, baada ya kufundishwa historia ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, aliuliza katika darasa la vijana: "Waliokuwa wakiua, nao walikuwa wakienda kanisani?" Jibu ni ndiyo, na hatuna haki ya kulificha.

Sabato ya tarehe 16 Aprili 1994, Watutsi waliokimbilia kanisa na hospitali yetu ya Mugonero walishambuliwa na kuuawa. Mwaka 2003, Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, kiongozi wa kanisa katika eneo hilo, kifungo cha miaka 10, na mwanawe aliyekuwa daktari wa hospitali hiyo miaka 25, kwa kuhusika na mauaji ya kimbari.

Maovu hayo hayakuanza na panga. Miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika kabila katika vitambulisho. Baadaye redio ya RTLM ikawaita Watutsi mende. Jirani alivuliwa jina, akabandikwa kabila, kisha akavuliwa utu. Ndani ya siku 100 hivi, watu zaidi ya 800,000 waliuawa.

Je, asiyeshika panga hana hatia? Wengine husema maneno yao ni utani tu. Lakini utani humwachia mwenzako nafasi ya kujibu na kucheka, dharau humnyamazisha. Katika Mathayo 5:21, 22 Yesu anaweka uuaji na neno la dharau katika somo moja. Mahakama za wanadamu haziyahesabu sawa, ila mzizi wake ni mmoja, nao ni moyo.

Kuhani na Mlawi waliijua torati, wakapita kando. Nchini Rwanda, Carl Wilkens, mkurugenzi wa ADRA, alikataa kuondoka Kigali, akawapelekea mayatima maji na chakula. Biblia ilikuwa ileile, Sabato ileile. Tofauti ilikuwa nani anahesabiwa kuwa jirani.

Kwa hiyo tusimjibu kijana kwamba wale hawakuwa Wakristo wa kweli, tukalala usingizi. Tumwambie kwamba ubatizo usiogusa kabila letu umeacha sehemu ya moyo ikiwa kavu.

Maswali ya kujadili

1. Kanisani kwenu, kabila hutajwa lini: kwenye uchaguzi wa maofisa, au posa inapoletwa? Hutajwa kwa nia gani?

2. Neno la dharau likisemwa mbele yako, kunyamaza kwako kunamjibu nini Mungu anayeuliza, "Yuko wapi ndugu yako?"