Mwacheni Aombe

Wa kwanza kumkatalia kijana mgonjwa asiende kusoma ng'ambo si ubalozi, wala si chuo. Ni sisi. Ni shangazi anayeuliza, "Ukizidiwa huko nani atakuleta?" Ni mwalimu anayempelekea taarifa ya ufadhili mwenzake mwenye afya. Ni mama, kwa mapenzi kabisa, anayemsihi mwanawe mwenye sikoseli abaki karibu na Hospitali ya Mount Meru ambako madaktari wanamjua. Fomu haijajazwa, na jibu limeshatoka. Ndiyo maana nawaambia watu wa Kikwe kabla ya wengine wote: mwacheni aombe.

Kikwe tuna sababu yetu ya kulitangulia hili. Pale Nambala, ndani ya kata yetu, ipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, na wageni kutoka nchi nyingine za Afrika wanakuja kusoma kwetu. Mhadhiri wake mmoja, Dk. Askwar Hilonga, mtoto wa kijijini Karatu, alikwenda kuchukua shahada ya uzamivu Korea Kusini, akarudi, akabuni chujio la maji lililomshindia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015. Miongoni mwa vitu ambavyo chujio lake linapambana navyo ni floraidi, hii hii iliyomo kwenye maji ya Meru, iliyowaachia vijana wetu meno ya kahawia na wengine miguu iliyopinda. Nimewaona vijana hao wakizungumza na mgeni kiganja kikiwa mdomoni. Msichana ana alama za juu, lakini kwenye usaili anajibu nusu sauti ili midomo isifunguke sana. Binti yangu, shusha mkono. Jopo linataka kusikia utafiti wako, na sauti yako nzima ndiyo itakayokubeba.

Tena tumkumbuke Dk. Abdallah Possi. Alizaliwa na ualbino katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa imani za kishirikina. Ualbino unakuja na macho yenye uoni hafifu na ngozi inayoungua kwa jua, mpaka saratani. Angeweza kabisa kuambiwa abaki nyumbani. Akasoma sheria, akaenda Ujerumani, akapata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Erlangen-Nürnberg. Desemba 2015 aliteuliwa naibu waziri, na mwaka 2017 akateuliwa balozi wa Tanzania katika Ujerumani ile ile. Kwa wenye ualbino wa huku kwetu naongeza hili: KCMC pale Moshi wanatengeneza mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun. Wahini kliniki ya ngozi kabla ya safari, mkachunguzwe na mpate akiba.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana moyo bila maandalizi utakwama uwanjani KIA.

Anza na barua ya daktari. Iandikwe kwa Kiingereza, iwe na mhuri, itaje ugonjwa, majina halisi ya dawa na kiasi unachotumia kwa siku. Jina la kibiashara unalolisikia kwenye duka la dawa la Usa River huenda lisijulikane kabisa huko uendako, lakini jina halisi la dawa hujulikana kote. Mwenye kifafa asilipuuze hili hata kidogo. Fenobabitoni, ambayo wengi wetu tunapewa zahanati kama dawa ya kawaida, imo kwenye orodha ya kimataifa ya dawa zinazodhibitiwa chini ya mkataba wa mwaka 1971. Ukiibeba kwenye mfuko wa nailoni bila barua unaweza kuzuiwa mpakani na kuulizwa maswali mazito. Ibebe kwenye kopo lake, na uulize ubalozi mapema kama inahitaji kibali.

Mwenye kisukari, insulini yako ikae kwenye begi la mkononi. Huko chini kwenye mizigo baridi inaweza kuigandisha, na insulini iliyoganda haifai tena. Ule ukomo wa mililita 100 wa vimiminika hauzuii dawa, mradi uwaonyeshe wakaguzi barua. Halafu jifunze kusoma kipimo cha huko. Damu ambayo kipimo cha hapa kinaisoma 7, kipimo cha Marekani kitaisoma 126. Sukari ni ile ile, ila wamebadilisha kizio. Ukijua hilo kabla, hutapagawa usiku wa kwanza bwenini ukiwa peke yako.

Wenye sikoseli, adui zenu safarini ni kiu na baridi. Kunywa maji njia nzima, na koti zito lianze kununuliwa Tengeru siku ya soko, usisubiri theluji ikufundishe. Wenye VVU, Marekani iliondoa marufuku yake ya kuingia Januari 2010, lakini Urusi na baadhi ya nchi za Ghuba bado zinadai cheti cha kipimo kwa anayekwenda kukaa muda mrefu. Chagua nchi ukiwa unalijua hilo. Nchi zinazokupokea ni nyingi.

Na TB? Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 akitokea Tanzania lazima apimwe. Ukikutwa nayo unatibiwa, unapona, unaomba tena. Kibong'oto iko jirani tu, upande wa Siha, na imeponya watu wengi sana.

Bima ndiyo inayoamua mengi, kwa hiyo isome mstari kwa mstari. Kampuni nyingi binafsi hazilipii ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kukata bima. Ujerumani, mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 huingia kwenye bima ya afya ya umma, na bima hiyo haimkatai mtu kwa sababu ya maradhi yake. Hapo ndipo ninapowaomba wazazi msiseme "atakwenda akishapona pona": ugonjwa wa kudumu hausubiriwi, na umri unakwenda. Uingereza, mwanafunzi hulipia huduma ya afya pauni 776 kwa kila mwaka pamoja na viza, kisha hutibiwa na NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, kama mwenyeji. Uskochi, ambako Mwalimu Nyerere alisomea Edinburgh kuanzia mwaka 1949, dawa za cheti siku hizi hutolewa bure.

Chuoni usijifiche. Uingereza sheria ya usawa ya mwaka 2010, na Marekani sheria ya mwaka 1990, zinavibana vyuo vimrekebishie mazingira mwanafunzi mwenye ulemavu, na maradhi mengi ya kudumu yanahesabika humo. Maana yake ni muda wa ziada kwenye mtihani, maandishi makubwa, chumba chenye jokofu la dawa. Mweleze ofisa wa wanafunzi mara tu upatapo nafasi. Asiyejua hali yako hawezi kukusaidia usiku ukianguka.

Ninyi jamaa, kamati ya harusi tunaiunda kwa siku moja, kadi za mchango zinasambaa mpaka Maji ya Chai, na mamilioni yanapatikana. Undeni kamati ya bima. Vikoba viweke fungu la kipimo cha TB cha viza na nauli ya kwenda kukifanya Dar es Salaam. Kanisa na msikiti viwatafute Wameru na Watanzania wengine walioko mji anakokwenda kijana, ili apatikane dada au kaka mmoja mwenye namba ya simu ya mtoto huyu, anayejua anaumwa nini na amkimbize wapi. Hilo ndilo jibu la swali la shangazi.

Ufadhili mwingi mkubwa hufungua milango kati ya Agosti na Novemba. Wewe uliye mwaka wa mwisho, uliyekunja lile tangazo ukalificha ndani ya daftari, likunjue leo. Siku ya kliniki ikifika, usitoke chumba cha daktari bila ile barua, na shangazi yako akusindikize.