Maua mu parseli: je, yana haki ya udongo?

Katika vitabu vya shule tulivyopata kutoka Ulaya, miezi ya tisa mpaka ya kumi na moja ni wakati wa majani kuanguka. Kwetu Butembo na Beni, karibu kabisa na ikweta, ni kinyume chake. Mvua zimerudi, udongo umelowa, na mu parseli zetu rozi, dalia na hibiskusi zinafunguka. Hata titonia, lile ua la manjano la kando ya njia, linachanua bila kupandwa na mutu. Hapo ndipo swali la kila mwaka linarudi mu familia: « Maua tutakula? Panda lengalenga! »

Swali hili si la mchezo. Parseli ya muji ni ndogo, na watoto ni wengi. Mutu anayefungia rozi mita mbili za udongo, na huku jirani anatafuta sombe ya jioni, je, anatenda vema?

Kwa wazee wetu, ua na chakula havikuachana. Maharagi huchanua kwanza, ndipo yanatoa. Njegere za Lubero, boga na marakuja ni vilevile. Kahawa inachanua nyeupe siku chache baada ya mvua, na harufu yake inajaza shamba zima. Mulimaji aliangalia ua ili ajue mavuno. Bustani ya kutazamwa tu, hiyo tuliiona zaidi kwenye nyumba za wakoloni na kwenye misioni, hasa baada ya Mapadri Waasumpsioni kufika mwaka wa 1929. Kwa sababu hiyo wengine wanasema: ni desturi ya Wazungu, tuiache.

Lakini kujua kitu kilitoka wapi hakutoshi kukihukumu. Maharagi yenyewe yalitoka Amerika, na muhogo pia, sawa na dalia na titonia. Leo hakuna Munande anayeita maharagi chakula cha wageni. Kitu kinakuwa chetu kwa kazi tunayokipa. Basi tuulize: ua tumelipa kazi gani?

Kazi ya kwanza ni kutoa bila kuuza. Butembo ni muji wa biashara. Makala ina bei, ndizi ina bei, hata maji ya bidoni yana bei. Lakini jirani akibisha tarehe 2 ya mwezi wa 11, siku ya kukumbuka marehemu, akiomba ua la kupeleka makaburini, nani kati yetu atamutajia bei? Tunakata, tunamupa. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, zaidi ya watu 2.200 walikufa, na familia nyingi hazikuweza kuosha wala kugusa wafu wao. Aliyenyimwa kuosha maiti aliweza bado, siku moja baadaye, kwenda kaburini na ua mukononi. Heshima ile haikuhitaji franga.

Kazi ya pili ni ngumu zaidi kuieleza. Tangu mwezi wa 10 wa mwaka 2014, mauaji mu teritwari ya Beni yamefukuza watu wengi, na wengi wao walipokelewa mu nyumba za ndugu na za watu wasiowajua. Hapa hatuna shaka: mugeni akifika na watoto, rozi itoke, mboga iingie. Anayekataa kung'oa ua ili mukimbizi apate mustari wa lengalenga, huyo ameabudu ua.

Lakini tusiishie hapo. Mukimbizi aliacha pia miti ya kahawa inayochanua bila mwenyewe kuiona. Aliacha kiwanja alichokipenda. Kumwambia sasa kwamba anahitaji unga tu ni kumuhesabu kama tumbo. Muti wa rozi haupandwi kwa juma moja. Anayeupanda anasema: nafikiri nitakuwa hapa mvua ijayo. Mu inchi ambapo wengi hawajui kama watalala kwao kesho, neno lile si dogo.

Kwa hiyo tunaona hivi: chakula kichukue katikati ya parseli, ua likae pembeni. Lipandwe kando ya lupango, njiani, mu bidoni iliyopasuka. Majani ya titonia yafukiwe shambani, maana ni mbolea nzuri. Na mukimbizi anayekaa kwetu aonyeshwe mustari wake wa mboga, kisha aulizwe pia: wewe, ku nyumba yenu mulikuwa munapanda ua gani? Kama mbegu yake inapatikana, tumutafutie nafasi.