Amana na Azima katika Faragha ya Mtoto

Sheria nyingi huiweka faragha ya mtoto mtandaoni mikononi mwa mzazi. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinataka anayechakata taarifa za mtoto apate kwanza ridhaa ya mzazi au mlezi, na uchakataji wenyewe uwe kwa maslahi ya mtoto. Marekani, tangu sheria yake ya mwaka 1998, inadai ridhaa hiyo kwa watoto walio chini ya miaka 13. Utata uko hapo: mzazi anaruhusu kitumike kitu kisicho chake.

Fikihi ya Kishafii, iliyozoeleka pwani ya Afrika Mashariki, ina msamiati wa jambo hili. Aliyewekewa amana hatozwi fidia ikiharibika bila uzembe wake. Akiitumia kwa manufaa yake, hutozwa. Mwazimaji mzigo wake ni mzito zaidi. Kwa kuwa ameazima kwa faida yake, hulipa hata kama hakuzembea, ila kitu kikichakaa kwa matumizi aliyoruhusiwa. Kweli, bakuli la kuazima huvunjika na kulipwa jingine, ilhali siri ikitoka hailipiki.

Mzazi, basi, ni mwenye kuwekewa amana. Anayerusha picha ya mwanawe akiogeshwa katika beseni ili apate wafuasi ameitumia amana hiyo. Ufaransa ililiona hilo: sheria ya Februari 2024 inamruhusu hakimu kumzuia mzazi mmoja asichapishe picha za mtoto bila idhini ya mwenzake.

Shule na kampuni ni waazimaji, tena wasioazimwa wakati mwingine. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Google na YouTube, mwaka 2019, zilikubali kulipa dola milioni 170 kumaliza madai ya kukusanya taarifa za watoto bila ridhaa.

Amana hurudi kwa mwenyewe anapoitaka. Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data, inayotumika tangu 2018, inampa mtu haki ya kudai taarifa zilizokusanywa utotoni mwake zifutwe. Haiigusi, hata hivyo, nakala aliyojiwekea jirani katika simu yake kwa matumizi ya nyumbani.