Mzigo wa Mtu Anayepanda Mlima Mtakatifu



Kila mara waaminifu wetu wanapojitayarisha kwenda Nkamba, Yerusalemu Mpya, swali moja linarudi katika nyumba nyingi: mtu anayekwenda mbele ya Mungu abebe nini? Wengine wanajaza valizi mbili, kisha wanatafuta kijana wa kuzibeba. Wengine wanasema kwamba kufikiri juu ya blanketi na dawa ni kukosa imani, na wanaondoka na Biblia peke yake. Kila upande unaona kwamba upande mwingine umepotea. Leo tunataka kulichunguza swali hili kwa kuangalia hija moja ya mbali sana, kwa sababu kule juu mlimani kosa la mzigo halifichiki. Linaonekana usiku uleule.

Hija hiyo inafanyika katika inchi ya Peru, Amerika ya Kusini, katika bonde la Sinakara, karibu mita 4.700 juu ya bahari. Ni hija ya Bwana wa Qoyllur Rit'i, jina la lugha ya Kikechua linalohusu theluji yenye kung'aa. Kila mwaka, mwezi wa tano ao wa sita, makumi ya maelfu ya watu wanapanda huko, wengi wao wakulima na wachungaji wa kondoo. Wanafanya ngoma mbele ya msalaba, jambo ambalo kanisa letu haliruhusu. Lakini hatuwataji hapa ili kuwahukumu.

Sikilizeni namna wenyeji wanavyosimulia mwanzo wa hija hiyo. Katika karne ya 18, mtoto maskini aitwaye Mariano alikuwa anachunga wanyama wa baba yake peke yake katika baridi. Akakutana na mtoto mwingine, Manuel, aliyemgawia chakula chake. Manuel alikuwa na vazi moja tu, nalo likachakaa. Mariano akachukua kipande cha kitambaa chake, akaenda nacho mpaka mji wa Cusco kutafuta kitambaa cha namna ileile. Wakubwa wa kanisa wakashangaa, kwani kitambaa kile kilikuwa cha kuvaliwa na askofu. Walipokwenda kumkamata Manuel hawakumpata. Waliona mti na sura ya Kristo msalabani. Oneni, ndugu zangu: katika masimulizi ya wenyeji, hija hii yote ilianza na mtoto aliyetafuta nguo kwa ajili ya mwenzake. Basi, tusiseme haraka kwamba habari ya nguo ni habari ya mwili tu.

Sasa tufikiri juu ya mgeni anayetoka inchi ya mbali na anataka kwenda huko. Anatoka Lima, mji wa pwani, na ndege inamfikisha Cusco kwa muda wa saa moja na kitu. Cusco upo kwenye mita 3.400 hivi. Ndugu zetu wa Goma waliokwisha kupanda Nyiragongo wanajua baridi ya mita 3.470, basi mgeni huyu anatua na ndege karibu na kimo hicho, na hija bado ipo juu yake kwa zaidi ya kilometa moja. Pale Sinakara, kila pumzi inaleta oksijeni inayopita kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Usiku baridi inashuka chini ya sifuri. Mchana jua linachoma ngozi na macho.

Mwili usiozoea unapata ugonjwa wa mlima: kichwa kinauma, tumbo linakataa chakula, usingizi unakimbia. Mtu akijilazimisha kuendelea kupanda, maji yanaweza kujaa katika mapafu, ao ubongo unavimba, na anaweza kufa kwa muda mfupi. Dawa ya kwanza ni kuteremka. Ugonjwa huu haumchagui mwenye dhambi na kumwacha mwenye haki. Unamshika hata kijana mwenye nguvu, hata mtu wa maombi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kutia katika mzigo ni siku. Wenye ujuzi wanashauri kwamba, ukipita mita 3.000, usiongeze zaidi ya mita 500 kwa kimo cha pahali unapolala kila usiku, na uwe na siku za kupumzika katikati. Siku hizo haziuzwi sokoni, na hakuna mpagazi anayeweza kukubebea. Baada ya siku ndipo vinakuja vitu: nguo ya ndani isiyokaa na jasho, triko ya sufu, koti la baridi na lingine la kuzuia mvua, kofia, glavu, soksi za kubadilisha, viatu vigumu vilivyokwisha kuzoea mguu, mfuko wa kulalia, tochi, miwani ya jua, chupa ya maji, na hati za safari. Mwenye kuhitaji dawa kama asetazolamidi amwulize munganga kabla ya kuondoka. Mzigo ni huo. Si mkubwa, lakini ukipunguza koti umepunguza uhai.

Hapa ndugu mmoja atasimama na kusema: Bwana Yesu aliwatuma wanafunzi wake bila mfuko, bila mkate, bila kanzu ya pili. Ndiyo, tunasoma hayo katika Luka sura ya 9. Lakini tusome mpaka sura ya 22 ya kitabu hichohicho. Pale Bwana mwenyewe anawakumbusha safari ile ambayo hawakupungukiwa kitu, kisha anawaambia kwamba sasa mwenye mfuko auchukue. Mara ya kwanza walikwenda katika vijiji vya ndugu zao, pahali ambapo kila mlango ungeweza kufunguliwa. Mara ya pili saa ilikuwa nyingine. Mwenye kutuma ni yuleyule, lakini mzigo ulibadilika kufuatana na njia. Tena katika Mathayo sura ya 4, Shetani alimwambia Bwana ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa sababu malaika watamchukua, na Bwana akakataa kumjaribu Mungu. Mtu anayepanda mita 4.700 na shati moja, akingojea malaika wamfunike, anafuata shauri la nani?

Lakini kuna jambo lingine zito zaidi, na mara nyingi hatulioni. Mgeni aliyepanda bila koti hatakufa peke yake katika giza, kwani wenyeji wana huruma. Mama mmoja wa Kikechua atamwona anatetemeka, naye atatoa blanketi lake. Usiku huo mtoto wa mama huyo atalala na baridi. Asubuhi mgeni atashuhudia kwamba Mungu alimlinda bila koti. Mungu alimlinda kweli, lakini kwa blanketi la maskini. Imani yake ililipwa na mtu mwingine, na labda hata jina la mtu huyo halijui. Akianguka mgonjwa, watu wanne watamteremsha mgongoni, na hija yao imekwisha. Kumbe aliyesema habebi kitu amewabebesha wengine mwili wake mzima.

Sasa tugeuke kwa mwenye valizi mbili, asije akacheka. Gari linafika mwisho katika kijiji cha Mahuayani, na kutoka hapo ni karibu kilometa 8 za kupanda kwa miguu. Wenyeji wanakodisha farasi, na katika milima mingine ya Peru watu wenyewe ndio wanaobeba mizigo ya wageni. Kumpa mtu kazi na kumlipa vizuri si dhambi. Lakini wapagazi wa milima hiyo walibebeshwa kupita kiasi kwa muda mrefu, hata mwaka 2001 serikali ya Peru ikatunga sheria ya kuwalinda na kuweka mpaka wa kilo 20 kwa mtu mmoja. Sheria haitungwi bila machozi.

Sisi Wakongo hatuhitaji kuelezwa jambo hili. Kabla ya reli ya Matadi mpaka Léopoldville kumalizika mwaka 1898, mali ya wageni ilipita kichwani na mabegani mwa watu wetu, katika inchi ileile ya Bas-Congo ambamo Papa Simon Kimbangu alizaliwa mwaka 1887. Na huku mashariki, katika vita ya 1914-1918, baba zetu walibeba risasi na chakula mpaka Tabora, na wengi hawakurudi. Mtoto wa mpagazi akipata valizi, asisahau shingo ya babu yake.

Mtume Paulo, katika Wagalatia sura ya 6, anasema maneno mawili yanayoonekana kama yanapingana: tuchukuliane mizigo, na kila mtu achukue mzigo wake mwenyewe. Hayapingani. Nachukua furushi langu ili mgongo wa mwenzangu ubaki huru, na mgongo wangu ubaki na nguvu ya kumsaidia atakayeanguka. Basi, kipimo cha mzigo wa msafiri wa Mungu ni hiki: ukibeba kidogo mno, nani atatoa blanketi lake? Ukibeba kupita kiasi, shingo ya nani itauma?

Na maskini asiye na uwezo wa kununua koti? Huyo asijifiche nyuma ya neno imani. Aseme mapema katika parokia yake kwamba hana. Kuomba si haya, na kumpa mtu koti kabla ya safari ni rahisi kuliko kumteremsha mlimani. Kama halikupatikana, angojee mwaka mwingine; Mungu hafungi mlima wake.

Hata mzigo wa kurudi nao unapimwa. Pale Sinakara kuna wanaume waitwao ukuku, ambao zamani walipanda usiku kwenye barafu ya mlima na kuteremsha vipande mgongoni, kwani watu waliamini kwamba maji yake yanaponya. Sisi tunaoyajua maji ya Nkamba tunaweza kuelewa uchungu wao: walipoona barafu inapungua mwaka kwa mwaka, katika miaka ya 2000 waliacha kuikata. Walikubali kurudi mikono mitupu ili wajukuu wao wakute kitu.

Tunapofika Nkamba tunavua viatu, kama Musa alivyoamriwa mbele ya kichaka katika Kutoka sura ya 3. Lakini Musa alifika pale na viatu miguuni. Viatu vilimpitisha jangwani, kisha alipofika akaviacha. Hivyo ndivyo vitu vyote vya safari: tuvichukue kwa akili na kuviacha kwa unyenyekevu.

Bolingo, Mibeko, Misala: Upendo, Amri, Kazi. Upendo unatufundisha kutomlemea mwenzetu. Amri inatukataza kumjaribu Mungu. Kazi ni kufunga furushi letu sisi wenyewe, na kulibeba.

Mungu awabariki na kuwaongoza njiani. Amina.