JE, ASIYEJUA HANA HATIA?



Msimu wa mvua uliopita niliitwa usiku nyumbani kwa familia moja ya kanisa letu. Mama na watoto watatu walikuwa wanatapika, vichwa vinawauma, miguu haina nguvu. Majirani walikwisha kusema ni sumu, na mtu walikwisha kumtaja. Mimi mchungaji wenu niliingia, nikafunga mlango ili tuombe kwa utulivu. Pale kwenye kona kulikuwa na mbabula yenye makaa mekundu, iliyoingizwa ndani kwa sababu ya baridi. Muda si mrefu kichwa changu nami kikaanza kugonga. Kijana mmoja mhudumu wa afya ndiye aliyefungua mlango, akaitoa mbabula, akatutoa na sisi. Mungu alitusaidia, wote wakapona.

Tangu siku ile ninajiuliza: kama mtoto angekufa, hatia ingekuwa ya nani? Mama alitaka watoto wapate joto. Mimi nilitaka kuomba. Hakuna aliyekusudia mabaya.

Makaa yakiwaka mahali pasipopita hewa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata mwili ukakosa hewa huku mtu anapumua. Moshi angalau unatuonya kwa kuwasha macho. Makaa yasiyo na moshi, ambayo sisi tunayaona salama, ndiyo yanayoua kimya. Jenereta ndani ya chumba cha kinyozi au cha kuchaji simu hutoa gesi hiyo hiyo. Na moshi nao si rafiki: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2.

Someni Kumbukumbu la Torati 22:8. Anayejenga nyumba anaagizwa kuzungushia paa ukuta mdogo, maana watu walikaa juu yake, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Angalieni: agizo linatolewa kabla mtu hajaanguka. Basi ambaye jana hakujua, leo akiisha kujua, hana udhuru tena.

Wengine watasema kuchunguza hewa ni kukosa imani, kwa kuwa Mungu ndiye mlinzi. Ukuta ule uliagizwa na Mungu huyo huyo.

Katika nchi tajiri huweka nyumbani chombo kidogo kinacholia gesi ikizidi. Sisi wengi hatuna. Chombo chetu ni jirani. Najua tunaogopa baridi na wezi, lakini mbabula ilale nje. Ukiona jirani ameiingiza, mwambie, usione haya. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja, watoke nje kwanza, ndipo waende zahanati. Maombi tutafanya mlango ukiwa wazi.

Na yule aliyetajwa kwa sumu? Mpaka leo anapita njia nyingine akienda kuteka maji. Mimi nilikwenda kwake kuomba msamaha, kwa sababu nililisikia jina lake usiku ule nikanyamaza. Waliomtaja bado hawajaenda. Sasa nanyi mmejua.