Aliyeshika Kalamu

Wahenga wametuachia misemo miwili ambayo, ukiitazama kwa makini, ni kama inagombana. Mmoja wasema ahadi ni deni. Wa pili wasema mali bila daftari hupotea bila habari. Nimekuwa nikijiuliza ni upi unaomfaa mtu aliyeajiriwa kwa mdomo.

Watu wa namna hiyo ni wengi hapa kwetu Tanzania. Mlinzi wa usiku, utingo wa lori, mpishi wa mgahawani, msichana wa kazi za nyumbani: huambiwa tu, "Njoo kesho uanze," na kazi ikaanza. Jirani yangu mmoja alilinda ghala la mfanyabiashara kwa miaka saba. Siku alipodai likizo aliambiwa asirudi tena. Alipouliza haki zake, akajibiwa kwa swali: "Mkataba wako uko wapi?" Akanyamaza, akarudi nyumbani akiamini kwamba asiye na karatasi hana haki.

Ndugu msomaji, mkataba si karatasi. Mkataba ni mapatano: huyu atoe jasho lake, yule atoe ujira. Karatasi ni ushahidi wa mapatano hayo, kama vile cheti cha ndoa kisivyokuwa ndoa yenyewe. Miaka saba ya kukesha na kulipwa kila mwisho wa mwezi haiwezi kufutika eti kwa sababu haikuandikwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Shauri likifika mbele ya wasuluhishi na mwajiri akashindwa kuyatoa maandishi hayo, ni juu yake yeye kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Kwa hiyo swali aliloulizwa jirani yangu lilipaswa kumrudia muulizaji.

Naona kuna busara kubwa katika jambo hili. Kati ya wawili wale, nani alikuwa ameshika kalamu? Mfanyabiashara huandika magunia yanayoingia na yanayotoka, huandika hata deni la shemeji yake. Asipoandika ajira ya mlinzi wake, hawezi kusema hakujua faida ya kuandika. Si haki mtu avune kutokana na kimya alichokipanda mwenyewe.

Yupo atakayeuliza: je, mfanyakazi akidanganya, akataja mshahara ambao hakupewa kamwe? Wapo wadanganyifu kila upande, sikatai. Lakini mwajiri hakufungwa mdomo. Anaweza kuleta daftari la malipo na mashahidi wake. Na dawa ya uongo huo, yaani maandishi, ilikuwa mikononi mwake tangu siku ya kwanza. Mwingine atasema, "Sisi hapa tunaishi kindugu, karatasi za nini?" Undugu wa kweli hauogopi kuandikwa. Undugu unaokumbukwa wakati wa kazi na kusahauliwa wakati wa malipo ni jina tu.

Hata hivyo haki haimfuati mtu kitandani. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Anayechelewa hana budi kuomba aongezewe muda na kueleza sababu za msingi. Jirani yangu alikaa miezi mitatu akisikitikia karatasi ambayo hakuwa na wajibu wa kuiandika. Kilichomponza ni imani ile kuliko ukosefu wa mkataba.

Basi misemo ile haigombani. Jasho nalo ni mali, na mwenye jasho atafanya vyema kuwa na kijidaftari chake cha siku alizofanya kazi na fedha alizopokea. Lakini asipokuwa nacho, ahadi aliyopewa inabaki kuwa deni, na mdaiwa analijua.