Mzabibu na Nguzo

Anunuaye kichala cha zabibu Kikuyu, mjini Dodoma, hutazama tunda. Haulizi habari za nguzo iliyoushikilia mzabibu. Hana kosa kwa kutouliza. Kosa huanza adhanipo kuwa mzabibu ulisimama wenyewe. Katika kugawa sifa kosa hili ni zito zaidi, kwa kuwa nguzo haina moyo wa kuumia, na mtu anao.

Huko Marekani, tangu karne ya 19, picha za wachezaji wa besiboli hupigwa chapa juu ya kadi ndogo. Nyuma ya nyingi huandikwa hesabu za mchezaji. Mwenye kupiga mpira mbali husifiwa na hesabu hizo. Mwenye kusaidia wenzake huonekana mdogo. Je, kisichohesabika hakina thamani?

Afrika Mashariki ina mfano wake. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico, ilikimbiwa fainali ya Olimpiki ya mita 1,500. Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia, alitegemea kasi yake ya mwisho. Ili ashindwe, ilipasa mbio ziwe kali tangu mwanzo, katika hewa nyepesi ya mji ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,200. Ben Jipcho wa Kenya akatangulia, akamaliza mita 400 za kwanza kwa sekunde 56 hivi. Mwenzake Kipchoge Keino akafuata, kisha akapita, akashinda kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Jipcho alikuwa wa kumi.

Kama angepigiwa kadi, ingeandikwa 10. Nambari hiyo ni kweli, lakini si kweli yote.

Yuko atakayesema kuwa Ryun alidhulumiwa, maana alishindana na watu wawili walioungana. Imesimuliwa ya kuwa Jipcho mwenyewe baadaye alimwomba radhi. Hoja hii si ya kudharauliwa. Lakini Ryun hakuzuiwa njia wala hakuangushwa. Alitakiwa kukimbia tu. Aliyepoteza zaidi ni yule aliyetoa.

Tena hakutoa kwa kuwa hana. Mwaka 1972 alipata fedha ya Olimpiki katika mbio za kuruka viunzi na maji, nyuma ya Keino yuleyule. Mwaka 1973 alivunja rekodi ya dunia ya mbio hizo. Mwaka 1974, mjini Christchurch, alitwaa dhahabu mbili, na shaba katika mita 1,500 ambazo Filbert Bayi wa Tanzania alizishinda kwa rekodi ya dunia.

Jipcho alifariki mwaka 2020. Haki haidai kwamba Keino apunguziwe sifa, kwani mbio alizikimbia kwa miguu yake. Yadai tu kwamba, dhahabu ile itajwapo, jina la pili lisiachwe. Mzabibu haupungukiwi na utamu kwa kuitaja nguzo.